Kyū, Geki na Bō: Maneno ya Kijapani Yaelezayo Kupungua kwa Ghafula

Mwanafunzi wa Kijapani aliyekulia katika Kiswahili akifungua kamusi kutafuta maana ya maneno kyūgen, gekigen, kyūraku na bōraku, atakuta kwamba yote manne yameelezwa kwa namna moja au karibu moja: kupungua ghafula, kushuka ghafula, kushuka sana kwa ghafula. Hata kamusi za Kijapani chenyewe, zile waandikiwazo Wajapani, hazimfai sana, maana gekigen hufafanuliwa kwa neno kyūgeki, na kyūgen hufafanuliwa kwa kyū ni, hivyo msomaji huzungushwa akarudishwa pale pale alipoanzia. Kisha mwanafunzi huyo huandika sentensi ambazo Mjapani hawezi kuziandika: bei hupata gekigen, na watoto hupata bōraku. Mfasiri naye, atokaye upande wa pili, hutia neno moja tu kila mahali, nalo ni kuporomoka.

Jambo hili si la darasani tu. Habari nyingi zitokazo Japani siku hizi ni habari za kupungua: watoto wamepungua, watu wa vijijini wamepungua, thamani ya yeni imeshuka. Shirika la utangazaji la NHK limetangaza kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka. Basi njia ya baina ya lugha hizi mbili imekwisha kufunguliwa, na wapitao ndani yake wanahitaji maneno ya kuaminika. Mfasiri asiyeangalia huweza kuigeuza habari ya miaka ishirini kuwa habari ya siku moja, na tendo la mtu kuwa msiba uliojitokea wenyewe. Makusudio yangu ni kueleza jinsi maneno haya yalivyojengwa, ili mwanafunzi apate kuyatenga, kisha kuonyesha mahali ambapo neno letu ghafula latupoteza.

Kijapani kina vitenzi vitatu vya asili ambavyo hapana budi vitangulie. Heru ni kupungua kwa kitu chenye wingi: watu, fedha, maji ya kisima, uzito wa mwili. Sagaru ni kushuka kwa kitu kipimwacho kwa juu na chini: joto, bei, homa. Ochiru ni kuanguka, nalo latumika kwa tunda liangukalo kutoka mtini, na vile vile kwa nguvu za mwili, mwendo wa gari, mauzo ya duka na alama za mwanafunzi. Kodomo no kazu ga hetta, yaani idadi ya watoto imepungua, ni sentensi iliyo sawa. Lakini mtu akitaka kusema kwamba watu wa nchi wamepungua, akasema jinkō ga sagatta, Mjapani atamwelewa, na papo hapo atajua kwamba asemaye ni mgeni. Kiswahili ni chepesi zaidi hapa. Homa yetu yaweza kushuka na yaweza kupungua, na bei vivyo hivyo; homa ya Kijapani hushuka tu, netsu ga sagaru, na kitenzi heru hakiigusi.

Heru lina matumizi mengine mawili yanayompendeza kila mwanafunzi wa mara ya kwanza. Mtu mwenye njaa husema onaka ga hetta, maana yake tumbo limepungua; na soli ya kiatu iliyolika kwa kutembea nayo husemwa kuwa imepungua. Mifano hii yaonyesha kwamba ndani ya heru mna fikira ya kitu kilichokuwapo kikaondoka kidogo kidogo kwa kutumiwa. Kwa asili heru halina haraka. Likitakiwa liwe la haraka, ni lazima liongezewe neno jingine mbele yake, na hapo ndipo ugumu uanzapo.

Lugha ya Kijapani ilichukua herufi na maneno mengi kutoka Kichina, na maneno ya magazeti, ya serikali na ya biashara yametungwa zaidi kwa vipande hivyo vya Kichina, kila kipande na herufi yake. Maneno ya kupungua kwa haraka yana vipande viwili. Kipande cha pili chasema ni kitu cha namna gani kilichoshuka. Gen ni ya wingi, ni ndugu wa heru. Raku ni ya kuanguka, ni ndugu wa ochiru, na katika matumizi ya sasa yahusu hasa bei, hisa, fedha za kigeni, na hata asilimia ya watu wanaoiunga mkono serikali. Teika, neno zima lenye maana ya kwenda chini, ni ya daraja au uwezo: joto, ubora, nguvu za kuona. Kipande cha kwanza chasema namna ya kushuka. Kyū ni haraka. Geki ni ukali. Bō ni vurugu ipitayo mpaka. Zen ni polepole. Bi ni kidogo mno. Han ni nusu. Zoku ni mfululizo. Kwa hiyo twapata kyūgen na gekigen kwa wingi, kyūraku na bōraku kwa bei, zengen kwa kupungua taratibu, bigen kwa kupungua kidogo tu, hangen kwa kupungua nusu nzima, na zokuraku kwa bei iliyoshuka jana ikashuka tena leo.

Mwanafunzi asidhani kwamba vipande hivi huunganishwa apendavyo. Bō huambatana na raku, lakini haiambatani na gen. Hakuna bōgen katika Kijapani cha kawaida. Upande wa kupanda una jozi zake: kyūgen hujibiwa na kyūzō, gekigen na gekizō, kyūraku na kyūtō, bōraku na bōtō. Nashauri kila neno la kushuka lisomwe pamoja na mwenziwe wa kupanda, maana kiungo cha kwanza kikisikika katika maneno mawili yaliyopingana, maana yake hujitenga na kubaki wazi.

Herufi zenyewe zina historia yenye mafunzo, ijapokuwa si vema kudhani kwamba Mjapani asemaye sokoni aikumbuka. Herufi ya gen ina alama ya maji ubavuni. Herufi ya geki nayo ina alama ile ile ya maji, na maana yake ya kale ni maji yakimbiayo yakagonga kizuizi na kuruka juu. Gekigen, basi, ni neno la majimaji pande zote mbili, na mtu wa pwani atakumbuka kitenzi kupwa. Herufi ya raku ina alama ya majani juu yake. Kamusi ya kale ya Kichina iitwayo Shuowen Jiezi, iliyotungwa na Xu Shen na kumalizika karibu na mwaka 100, yaeleza kwamba neno hili ni la majani ya mti yaangukapo. Sisi tuna kitenzi hicho hicho, nacho ni kupukutika. Ama bō, herufi yake ya kale yaonyesha mikono ikianika mpunga juani, na maana ya ukali na ujeuri ikaja baadaye ikaifunika ile ya kwanza.

Kyū ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu ndiyo tunayoifasiri kwa neno ghafula. Herufi yake ina alama ya moyo chini, na maana ya zamani ni moyo uliobanwa, mtu mwenye haraka. Lakini tutazame matumizi yake ya leo. Kyūryū ni mkondo wa maji wenye kasi. Kyūkō ni gari moshi la haraka, lisilosimama kila kituo. Na kyū na saka ni mlima wenye mteremko mkali, yaani njia ipandayo au ishukayo wima. Mlima huo hauna haraka yo yote, wala haukumshtua mtu. Umekaa pale pale tangu enzi na enzi. Hii yatufunulia kwamba kyū hupima mwinamo. Kyūgen ni kupungua ambako ukikuchora juu ya karatasi utapata mstari ulioinama sana. Mstari huo waweza kuwa mfupi, wa siku mbili, na waweza kuwa mrefu, wa miaka kumi. Ndiyo sababu Mjapani husema bila taabu kyūgen shite iru, yaani kunaendelea kupungua kwa kasi, hali sisi tukisema kunaendelea kupungua ghafula, sentensi yetu huchechemea.

Huchechemea kwa sababu ghafula si neno la mwinamo. Asili yake ni Kiarabu, ghafla, nayo ni hali ya mtu asiyekuwa macho, aliyeghafilika. Kitenzi chetu kughafilika kingali kina maana hiyo. Tusemapo jambo limetokea ghafula, twaeleza hali ya sisi tuliolitazama: hatukulitazamia, lilitukuta tumeelekea kwingine. Kyū yaeleza hali ya kitu chenyewe. Kijapani kinalo neno linalokaribia ghafula yetu, nalo ni totsuzen. Herufi yake ya kwanza, kwa umbo lake la zamani, ni mbwa chini ya tundu, na Shuowen Jiezi yaeleza kuwa ni mbwa achomokaye shimoni. Aliyekuwa akipita njiani hakujua kama mna mbwa. Hiyo ndiyo ghafula. Lakini hakuna neno totsuzengen, wala magazeti ya Kijapani hayana kawaida ya kuunganisha mshtuko wa mtazamaji na hesabu ya kilichopungua katika neno moja. Mambo hayo mawili husemwa mbalimbali.

Tofauti hii yaonekana wazi katika habari mbili za uzazi nchini Japani, ambazo kila mwanafunzi wa lugha ile angefaa kuzijua. Kalenda ya kale iliyotoka Uchina ina mzunguko wa miaka 60, na mwaka mmoja katika mzunguko huo huitwa hinoe-uma, farasi wa moto. Kulikuwako imani kwamba mwanamke azaliwaye mwaka huo huwa mkali na humfupishia mumewe maisha. Hadithi za msichana Oshichi, binti wa muuza mboga, aliyechomwa moto mjini Edo mwaka 1683 kwa kosa la kutia moto, na ambaye husemwa alizaliwa katika mwaka wa namna hiyo, ziliieneza zaidi. Mwaka 1966 ulikuwa hinoe-uma. Mwaka 1965 walizaliwa watoto 1,823,697; mwaka 1966 wakazaliwa 1,360,974; mwaka 1967 wakazaliwa 1,935,647. Watoto zaidi ya 460,000, robo na ushei ya wale wa mwaka uliotangulia, hawakuzaliwa, kisha mwaka uliofuata hesabu ikarudi na kuzidi. Hii ni gekigen bila shaka yo yote. Je, ilikuwa ghafula? Hata kidogo. Kila mtu mwenye kalenda aliujua mwaka huo kabla haujafika, na wazazi walijiandaa kwa makusudi. Mfasiri aandikaye kwamba mwaka 1966 uzazi wa Japani ulipungua ghafula humfanya msomaji atafute tauni au vita. Yamfaa aandike kwamba ulipungua mno, au kwamba ulipukutika kwa mwaka mmoja.

Habari ya pili ni kinyume chake. Wastani wa watoto ambao mwanamke mmoja angezaa maishani mwake ulikuwa 1.58 katika mwaka ule wa farasi wa moto, na watu waliona kuwa hicho ndicho kiwango cha chini kisichoweza kupitwa katika mwaka wa kawaida. Mwaka 1988 wastani huo ulikuwa 1.66. Mwaka 1989 ukawa 1.57, na hesabu hiyo ilipotangazwa mwaka 1990 nchi nzima ilishtuka. Hata leo jambo hilo huitwa 1.57 shokku. Kwa hesabu tupu, kutoka 1.66 hadi 1.57 hakuna ukali wa kuitwa geki. Lakini hapa ghafula ipo tele: watu walikuwa wameghafilika, wakaamka na kukuta kwamba mwaka usio na mkosi wo wote umepita chini ya mwaka wa mkosi. Kwa hiyo tuna kupungua kukubwa kusiko na ghafula, na kupungua kudogo kwenye ghafula. Anayetumia neno moja kwa yote mawili ameisema nusu ya habari.

Mwaka 2026 nao ni hinoe-uma. Tofauti ni kwamba uzazi wa Japani umekwisha kushuka sana bila ya msaada wa farasi: mwaka 2016 idadi ya watoto waliozaliwa ilipita chini ya 1,000,000, na mwaka 2024 ilipita chini ya 700,000. Magazeti husema hapo hyakuman-nin ware. Ware latoka katika kitenzi waru, kupasua au kugawa, na hutumika hesabu ipitapo chini ya kiwango kilichozoewa kama kwamba imekivunja chombo. Kwa Kiswahili hupaswa kusema kwa maneno mengi kidogo, kwamba hesabu imeshuka chini ya milioni. Silioni hilo kuwa hasara.

Sasa tuje kwenye bei, maana ndiko bō inakotawala. Kyūraku ni bei kushuka kwa kasi. Bōraku ni bei kushuka kwa kasi na kwa kiasi kikubwa kiasi cha kuvuruga soko na kuwaumiza watu. Mpaka kati ya maneno haya mawili haukuwekwa na mtu kwa tarakimu, na mhariri mmoja huweza kuita kyūraku kile ambacho mwenzake akiita bōraku. Hapo lugha huwa na siasa yake. Kuna hata neno la tatu, chōsei, marekebisho, linalopendwa na wale wanaotaka wenye hisa watulie. Mwanafunzi akiona chōsei mahali alipotazamia kyūraku, asilichukue kuwa kisawe; ajiulize ni nani asemaye.

Tarehe 29 Desemba 1989 kipimo cha hisa za Tokyo kiitwacho Nikkei kilifunga siku kwa 38,915.87, na mwisho wa mwaka 1990 kilikuwa 23,848.71, zaidi ya thuluthi imekwisha kutoka. Anguko lile huitwa bōraku, ingawa lilichukua mwaka mzima likiwa na mapumziko ndani yake. Tarehe 5 Agosti 2024 kipimo hicho kilishuka kwa 4,451.28 siku moja, na hakuna siku kiliyopata kushuka kwa hesabu kubwa kuliko hiyo kabla yake. Ile iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza ni tarehe 20 Oktoba 1987, kiliposhuka kwa 3,836.48. Lakini kwa asilimia mambo hugeuka: anguko la 1987 lilikuwa asilimia 14.9, na la 2024 lilikuwa asilimia 12.4. Kijapani hutenga vizuri sana vipimo hivi. Sagehaba ni upana wa kushuka, yaani hesabu yenyewe. Gerakuritsu ni kadiri ya kushuka ikilinganishwa na kilichokuwapo. Mfasiri aandikaye tu kwamba anguko la 2024 ni kubwa kuliko yote amesema kweli na uwongo pamoja, wala msomaji hana njia ya kujua kipi ni kipi.

Kuna hatari nyingine ndogo kwa umbo na kubwa kwa matokeo. Kijapani hakihitaji kihusishi cho chote kueleza kiasi kilichopungua: uriage ga sanwari hetta ni kusema mauzo yamepungua kwa asilimia 30, na yamebaki 70. Likiongezwa neno ni, sentensi ikawa uriage ga sanwari ni hetta, mauzo yamepungua hadi asilimia 30 ya yale ya kwanza, maana yake 70 ndizo zilizopotea. Silabi moja imetenganisha duka lililoumia na duka linalokaribia kufungwa. Nusu peke yake ndiyo isiyodhuru, maana kupungua kwa nusu na kupungua hadi nusu huishia mahali pamoja, na kwa bahati mbaya walimu wengi hutoa mfano wa nusu. Sisi tuna kwa na hadi, navyo vyatosha kabisa kuitunza tofauti hii, ila magazeti yetu mara nyingine huvichanganya, na anayefasiri kutoka Kijapani hana ruhusa ya kuvichanganya.

Nimetaja juu kwamba tendo la mtu huweza kugeuka msiba. Vitenzi vya asili vina wenzi wao wa kutendesha, kama vyetu: heru na herasu ni kupungua na kupunguza, sagaru na sageru ni kushuka na kushusha, ochiru na otosu ni kuanguka na kuangusha. Maneno ya asili ya Kichina hayana jozi hizo. Gekigen suru husimama peke yake, bila mtendaji. Fedha za shule zikipata gekigen, hakuna aliyezipunguza. Mtendaji akitakiwa aonekane, hutumiwa neno sakugen suru, ambalo kipande chake cha kwanza, kuchonga au kukwangua, kina alama ya kisu. Taarifa ya serikali iandikayo gekigen mahali pa sakugen imekificha kisu. Mfasiri hana haki ya kukifichua ikiwa hakimo katika maandishi, lakini asikifiche yeye mwenyewe kwa kuandika fedha zimepungua pale ambapo Kijapani kimesema wazi kwamba zimepunguzwa.

Mpaka hapa nimeshughulika na maneno ya kalamu. Katika mazungumzo, na hata katika magazeti yenyewe yakitaka kusikika, Wajapani hutumia maneno ya namna nyingine ambayo mwanachuo wa lugha za Kibantu atayapokea kama jamaa. Ni C. M. Doke, katika kitabu chake cha istilahi za Kibantu cha mwaka 1935, aliyeyapa maneno kama pu na tubwi nafasi yao rasmi miongoni mwa aina za maneno, na istilahi yake ikaenea hata ikatumika kwa lugha za Asia. Wajapani wenyewe huita giongo yale yaigizayo sauti, na gitaigo yale yaigizayo hali isiyo na sauti. Kushuka kwa bei hakuna sauti, lakini katika Kijapani kuna namna nyingi za kukusikia.

Gakun to ni mshtuko wa kiungo kilicholegea, kama goti lililokosa nguvu: uriage ga gakun to ochita, mauzo yaliporomoka kwa mshindo mmoja. Suton to ni kuanguka wima bila kugusa kitu, kama sarafu iingiavyo kisimani. Zuruzuru ni kuteleza kusikokoma, mtu akijaribu kushika asishike. Hisa zishukazo kila siku kidogo husemwa kushuka zuruzuru, na hapo hakuna ghafula wala kyū. Gata-ochi limetungwa kwa mwigo gata na shina la ochiru, nalo hutumika kwa umaarufu wa mtu au wateja wa duka. Ni neno la mdomoni, na halifai katika ripoti. Mekkiri hueleza badiliko ambalo mtazamaji hawezi kulikosa, kyaku ga mekkiri hetta, wateja wamepungua dhahiri. Lakini hutumika pia kwa baridi inapozidi, basi si neno la kupungua peke yake.

Miigo hii ina utaratibu, na Hamano Shoko ameueleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1998. Konsonanti nzito mwanzoni huongeza uzito na ubaya: kakun ni kiungo chepesi kikikunjika, gakun ni kizito. Mwisho wa neno nao una kazi: -n huacha mwangwi, na kukatika kwa sauti kabla ya to, kama katika gakutto, huonyesha tendo lililokwisha kwa mkato. Mwanafunzi akishika kanuni hizi chache hahitaji kukariri kila neno.

Ugumu uko katika kufasiri. Miigo yetu hufuata kitenzi na hushikamana nacho sana: kuanguka pu, kutumbukia tubwi, kukauka kau. Mtu akisema bei ya kahawa imeanguka pu, wasikilizaji watacheka, hali gakun to haimchekeshi Mjapani ye yote. Nionavyo mimi, njia ifaayo ni kuacha kutafuta mwigo kwa mwigo. Kiswahili hutia namna ya tendo ndani ya shina la kitenzi, mahali ambapo Kijapani huitia nje. Kuporomoka kuna mawe na udongo wa gengeni ndani yake, nako kwafaa bōraku. Kupukutika, kwa vitu vingi viondokavyo kimoja kimoja lakini kwa wingi, kwafaa gekigen. Kudidimia, kwa kitu kizamacho matopeni bila kupata pa kusimama, kwakaribia zuruzuru kuliko neno jingine nilijualo. Kwa kyūgen na kyūraku inatosha kusema kupungua kwa kasi na kushuka kwa kasi, na neno ghafula liwekewe totsuzen. Na gessori, mwigo wa mwili uliopungua kwa ugonjwa au kwa huzuni hata mashavu yakaingia ndani, hauhitaji kutungiwa neno jipya: gessori yaseta ni amekonda kama ng'onda.